Kupanda Miti kwa Vifaa vya Kubana Kamba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Tabora na Kigoma

Maswali yafuatayo huulizwa zaidi na watu wa aina tatu: warina asali wa Sikonge, Urambo na Kaliua ambao mizinga yao imetundikwa juu ya mitundu na miyombo, wakwezi wa michikichi wa mkoa wa Kigoma, na vijana wa Tabora mjini na Ujiji wanaoitwa kupunguza matawi ya miembe mikongwe iliyoinamia mapaa ya nyumba. Wote hao wanaweza kukutana na kifaa kilekile dukani, lakini kazi zao hazifanani, na ndiyo maana baadhi ya majibu yamegawanywa kulingana na mti na kazi. Maelezo haya hayachukui nafasi ya mafunzo ya ana kwa ana wala ya kijitabu cha mtengenezaji, ambacho kwa bahati mbaya wengi hukitupa pamoja na boksi.

Vifaa vya kubana kamba ni nini hasa?

Ni vifaa vidogo vya aluminiamu au chuma cha pua vinavyovishwa kwenye kamba na kuunganishwa na mkanda wa mwili kwa karabina, yaani pete ya chuma yenye kilango kinachofungika. Ndani ya vingi kati yake kuna kipande kinachozunguka kwenye mhimili wake, ambacho mafundi hukiita kamu. Uzito wa mpandaji unapokivuta, kipande hicho huikandamiza kamba kwenye ukuta wa kifaa, na kadiri uzito unavyoongezeka ndivyo kinavyozidi kubana.

Kwa matumizi yetu tunaweza kuvigawa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni vifaa vya kupandia tu, vyenye meno madogo kwenye kamu, ambavyo hushikwa kwa mkono, hufungwa kifuani au huvaliwa kwenye kiatu. Kundi la pili ni vifaa vya kushukia vyenye mpini, ambavyo huachia kamba pale tu mpini unapovutwa na hujifunga vyenyewe unapoachwa. Kundi la tatu, ambalo ndilo jipya zaidi, ni vifaa vya kupanda na kushuka bila kubadilisha chochote, kama ZigZag ya kampuni ya Petzl ya Ufaransa au Unicender na Akimbo za Rock Exotica ya Marekani. ZigZag haina kamu; ina mnyororo wa viungo vya chuma unaojikunja na kuibana kamba, na utendaji wake umeiga fundo la kujibana ambalo wapanda miti wamelitumia kwa miaka mingi.

Fundo hilo lina historia yake. Karl Prusik wa Austria alieleza fundo la kujibana mwaka 1931, na mwaka 1958 Waswisi wawili, Adolf Jüsi na Walter Marti, wakatoa kifaa cha mkononi kinachoitwa Jumar, baada ya Jüsi, aliyekuwa akichunguza tai, kuhitaji njia ya kuvifikia viota vyao. Kwa hiyo kifaa ambacho leo kinapelekwa mzingani kilianza kwa mtu aliyetaka kufika kwenye kiota.

Ninunue kipi kwanza?

Chagua kifaa kwa kuangalia utakavyoshuka, si utakavyopanda. Karibu vifaa vyote vitakufikisha juu ya mti wa mita 15, tena kwa nguvu kidogo kuliko kukwea kwa mikono na magoti. Tofauti huonekana pale unapotakiwa kurudi chini ghafla, kwa sababu ya nyuki, tawi lililovunjika, kizunguzungu au jeraha la panga.

Anayepanda kwa vifaa viwili vyenye meno hawezi kushuka navyo kwa haraka. Ni lazima kwanza aunge kifaa cha kushukia kwenye kamba, ahamishie uzito wake hapo, kisha avitoe vile vya kupandia kimoja baada ya kingine, na kazi hiyo, hata kwa mtu aliyezoea, inahitaji mikono iliyotulia na vidole vinavyohisi. Mrina asali aliyevaa glavu nene za ngozi, mwenye wavu usoni na nyuki mia wakigonga kwenye wavu huo, hana kimoja kati ya hivyo viwili. Kwa sababu hiyo, kwa warina asali ninapendekeza bila kusita kifaa cha kundi la tatu, ingawa bei yake ni kubwa zaidi, au mpango wa kuteremshwa na mwenzako aliye chini, ambao umeelezwa mbele. Anayepunguza miembe naye atafaidika na kundi la tatu, kwa kuwa kazi yake ni ya kupanda na kushuka ndani ya mti mmoja siku nzima. Vifaa vyenye meno vinamfaa zaidi anayepanda mara moja, akakaa juu kwa muda mrefu, na anayeshuka kwa wakati aliouchagua mwenyewe, kama mkusanyaji wa mbegu za miti.

Je, kifaa chenye meno kitanidaka nikianguka?

Hapana, na hakikuundwa kwa kazi hiyo. Meno yake huzama kwenye ganda la kamba, na nguvu ya kati ya kilonewtoni 4 na 6 hivi, yaani kama uzito wa kilo 400 hadi 600, inaweza kulichana ganda hilo na kuliacha likiteleza juu ya kiini. Mtu wa kilo 80 anaweza kuzalisha nguvu hiyo kwa kuanguka umbali mfupi tu ikiwa kamba yake hainyumbuki. Kanuni inayotokana na hapo ni kwamba kamba iliyo kati yako na tawi isilegee hata kidogo wakati wote unapotegemea kifaa cha meno, na kwamba usipande kamwe kupita tawi ulilotundikia kamba. Kifaa cha kiatuni, kwa upande wake, hakihesabiwi kabisa kuwa kifaa cha usalama. Kinasaidia mguu kusukuma, basi.

Nitumie kamba gani?

Kifaa na kamba ni kitu kimoja. Kila kifaa kimeandikwa ubavuni kipenyo cha kamba inayokifaa, kwa mfano kutoka milimita 11 hadi 13, na kamba nyembamba kuliko hapo inaweza kupita bila kubanwa, wakati nene kuliko hapo inaweza kuzuia kamu isijifunge sawasawa. Kamba inayotakiwa ni ile yenye kiini ndani na ganda lililosukwa nje, isiyonyumbuka sana. Katika viwango vya Ulaya kamba hiyo hutambulika kwa maandishi EN 1891 aina A, na kamba mpya ya daraja hilo inatakiwa kuhimili angalau kilonewtoni 22.

Swali linalofuata mara zote ni kama kamba za wavuvi zinazouzwa Kibirizi, Kigoma, zinaweza kutumika, kwa kuwa ni imara, zinapatikana na bei yake ni nafuu. Jibu ni hapana, na sababu zake ni tatu. Kwanza, nyingi ni za polipropilini iliyosokotwa bila ganda, na meno ya kifaa hukata nyuzi zake moja kwa moja. Pili, polipropilini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 165 hivi, ilhali nailoni na poliesta huanza kuyeyuka zaidi ya nyuzi 210. Msuguano wa kushuka kwa kasi unatosha kuiharibu iliyo dhaifu. Tatu, jua la ziwani huichosha mapema. Kamba ya katani ina tatizo jingine, nalo ni kuoza kwa ndani wakati nje bado inaonekana nzuri. Kuhusu kamba za magome ya myombo, ambazo wazee wetu wamezitumia kutundikia mizinga kwa ustadi mkubwa, ziendelee kubeba mizinga, lakini zisivishwe kifaa.

Urefu wa kamba hukosewa mara nyingi. Kwa mti ambao tawi lako la tegemeo liko mita 18 juu, unahitaji mita 36 ili kamba ipande na kurudi chini, na ukitaka mwenzako aweze kukuteremsha kutoka kwenye shina unahitaji mita 18 nyingine, jumla mita 54. Mwisho wa kamba ufungwe fundo la kuzuia, ili kifaa kisitoke kwenye ncha ukiwa bado hewani.

Kamba tuli na kamba inayotembea zinatofautianaje?

Katika mfumo wa kamba inayotembea, kamba hupita juu ya tawi na ncha zake zote mbili humrudia mpandaji: ncha moja imefungwa kwenye mkanda wake na upande wa pili umeshikwa na kifaa. Akipanda mita moja huwa amevuta mita mbili za kamba, na kifaa kinabeba takribani nusu tu ya uzito wake. Kasoro yake ni kwamba kamba inasugua gome muda wote, inalichubua, nayo inachubuka, kwa hiyo inafaa kuipitisha kwenye kinga ya pete mbili iliyofungwa juu ya tawi.

Katika mfumo wa kamba tuli, kamba haisogei. Mpandaji ndiye anayetembea juu yake, na kifaa kinabeba uzito wake wote. Fundo la kujibana peke yake halifai hapa, maana hukaza kiasi cha kutofunguka, na ndiyo sababu Kevin Bingham wa Marekani alibuni Rope Wrench, kipande kinachokaa juu ya fundo na kuongeza msuguano ili fundo lipumue.

Jambo ambalo watu hulipuuza katika kamba tuli ni mahali inapofungwa. Ukiifunga chini kwenye shina, ikapanda hadi kwenye tawi na kushuka kwako, tawi hilo halibebi uzito wako tu: linabeba pia mvutano wa upande wa pili wa kamba, na jumla yake hukaribia mara mbili. Mtu wa kilo 80 analibebesha tawi mzigo unaokaribia kilo 160, tena anapopanda kwa kurukaruka mzigo huo hupanda zaidi. Ukiifunga juu kwenye tawi lenyewe, mzigo hubaki ule wa mwili wako, lakini mwenzako hawezi tena kukuteremsha. Ni lazima uchague, na uchaguzi huo hutegemea afya ya tawi kuliko kitu kingine chochote.

Nitajuaje kama tawi litanibeba?

Kabla ya kurusha kamba, zunguka mti mzima na uutazame kuanzia kwenye mizizi. Miombo ya Tabora huunguzwa na moto karibu kila kiangazi, na mti mkubwa wenye majani mazuri juu unaweza kuwa na pango la makaa upande mmoja wa shina, lililofichwa na nyasi au na kichuguu. Gonga shina kwa mpini wa shoka na usikilize: sauti kavu na nzito ni ya mti mzima, sauti ya ngoma ni ya mti mtupu. Angalia njia za udongo za mchwa zinazopanda juu ya gome. Mchwa wenyewe mara nyingi hula mbao iliyokwisha kufa, kwa hiyo njia zinazofika kwenye tawi hukuonyesha mahali pa kutiliwa shaka. Uyoga mgumu ulioota ubavuni mwa shina una maana hiyohiyo.

Wakati mgumu zaidi wa kukagua ni Agosti, miti ikiwa imepukutisha na tawi lililokufa halitofautiani kwa macho na lililo hai. Septemba na Oktoba, mitundu na miyombo inapochipua majani mekundu kabla ya mvua kuanza, kazi hiyo huwa rahisi, kwa sababu tawi lisilochipua limejitangaza lenyewe. Anayeweza kupanga safari zake za ukaguzi wa mizinga afanye hivyo katika miezi hiyo, aweke alama kwenye miti mizuri, na alama hizo zimwongoze msimu wote.

Mimi sikubali tawi lililo chini ya sentimita 10 za kipenyo pale linapotoka kwenye shina, na hicho ni kipimo cha mti mgumu ulio hai. Kamba ikae pembeni kabisa mwa shina, ndani ya panda, kwa kuwa kila hatua ya kwenda nje inaongeza nguvu ya kuvunja. Tawi ambalo tayari limebeba mzinga wa gogo uliojaa asali lisitumike kutundikia kamba ya mtu.

Kamba hupandishwa kwa uzi mwembamba uliofungwa kifuko cha uzito wa gramu 300 au 400 hivi, unaorushwa kwa mkono au kwa manati kubwa. Ikishakaa mahali pake, watu wawili waining'inie kwa pamoja wakiwa chini na waitikise polepole huku wa tatu akitazama juu. Kama kuna kitu kitavunjika, kivunjike wakati huo, na wote wawe wamevaa kofia ngumu.

Nyuki wakinishambulia nikiwa juu, nifanye nini?

Jambo la kwanza hufanywa kabla ya kupanda: kamba ya kuteremshwa iandaliwe chini. Kamba tuli ifungwe kwenye shina kwa kupitia kifaa cha kushukia chenye mpini, kifaa hicho kifungwe vizuri kwa fundo linalofunguka, na mita za ziada za kamba ziwe zimewekwa kwenye ndoo zisijisokote. Mpandaji akipiga filimbi au akiacha kujibu, mwenzake analifungua fundo, anavuta mpini na kumteremsha. Mwenzake huyo naye awe amevaa mavazi kamili ya kinga. Mtu wa chini aliyevaa shati atakimbia, wala hatalaumiwa. Shina liwe wazi upande huo, na mpandaji asipite upande wa pili wa panda, maana kamba itakayozungushwa kwenye matawi haitamteremsha.

Kama huna mpango huo na unatumia kifaa cha kundi la tatu, shuka mara moja kwa mwendo unaoutawala. Kishawishi ni kukandamiza kishikio hadi mwisho, na hapo kamba huanza kupita kwa kasi ambayo mkono wa pili hauwezi tena kuizuia. Mkono mmoja ubaki daima kwenye kamba iliyo chini ya kifaa, hata kama unaumwa.

Kuna mambo madogo yanayoleta matatizo makubwa. Wavu wa kofia ukining'inia mbele huingia kati ya kamu na kamba, na kifaa kinabaki nusu wazi. Uchomeke ndani ya kola na uufunge. Zipu ya mavazi yenye kamba ndefu ya kuvutia ni hatari vilevile, ikatwe. Jizoeze kutumia kifaa chako ukiwa umevaa glavu zilezile za kazi, nusu mita kutoka ardhini, mpaka uweze kupanda na kushuka ukiwa umefumba macho, kwa sababu wengi hurina jioni au usiku na taa ya kichwani haiangazi kifuani. Taa nyekundu ni bora, kwani nyuki hawaioni vizuri.

Bomba la moshi la kutulizia nyuki je?

Lipandishwe kwa kamba yake pekee baada ya wewe kufika na kujishikiza, na litundikwe upande ambao upepo hauelekezi cheche kwenye kamba yako. Mwenge wa magome unaowaka wazi usipande pamoja na kamba ya nailoni au poliesta katika mti mmoja. Cheche moja iliyotulia juu ya kamba iliyovutika inatosha kuyeyusha ganda, na usiku huwezi kuona kovu lake.

Vifaa hivi vinafaa kwa michikichi?

Kwa kiasi. Mchikichi hauna tawi la kutundikia kamba, na makuti yake, licha ya kuonekana manene, yanang'oka yakizeeka na mashina yake yana miiba inayochana kamba na mikono. Usirushe kamba juu ya makuti ukadhani umepata tegemeo.

Njia inayofaa inafanana na ukanda ambao wakwezi wa Kigoma wanautumia tangu zamani, isipokuwa vifaa vinavyotumika vimebadilishwa. Mkwezi huvaa mkanda wa mwili wenye pete mbili za kiunoni, na hutumia kamba fupi mbili zinazozunguka shina, kila moja ikiwa na kifaa kidogo cha kurefusha na kufupisha. Anapofika kwenye mabaki ya makuti yaliyokatwa huifunga ya pili juu yake kabla ya kuifungua ya kwanza, ili asiwe bila kitu hata kwa sekunde moja. Kwa kuwa anakata mikungu kwa panga au shoka karibu kabisa na kiuno chake, kamba fupi mojawapo iwe na waya wa chuma ndani. Akifika chini ya kilele anaweza kuizungushia shina kamba ndefu kwa kitanzi kinachojikaza, na kushuka juu yake kwa kifaa, badala ya kurudi hatua kwa hatua. Kusema kweli, penye michikichi mifupi ya mbegu bora inayovunwa kwa mundu wenye mpini mrefu, gharama ya vifaa hivi haina maana. Viachwe kwa michikichi ya zamani.

Na miembe ya mjini?

Miembe mikongwe ya Ujiji na Tabora ina panda pana zinazovutia kupanda, lakini mingi ina uvungu pale matawi makubwa yalipokatwa ovyo zamani na maji ya mvua yakatuama. Ingiza kijiti kwenye kila tundu na upime kina chake kabla ya kuliamini tawi lililo juu yake. Utomvu wake huwasha ngozi, kwa hiyo mikono mirefu ni lazima hata wakati wa joto.

Anayetumia msumeno wa injini awe ameshikizwa sehemu mbili tofauti kila anapokata, yaani kamba kuu na kamba fupi, na kamba kuu isifungwe chini kwenye shina, kwa sababu upande ule wa kamba unaoshuka nyuma yako ndio utakaougusa na msumeno bila kujua. Kamba iliyovutika haihitaji kukatwa kwa nguvu. Kuguswa na makali kunatosha. Kama kuna nyaya za umeme zinazopita kwenye matawi, kazi hiyo si yako mpaka TANESCO wazime laini.

Kwa anayeajiri vijana kwa kazi hizi: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inampa mwajiri wajibu wa kutoa vifaa vya kinga. Kumwambia kijana aje na kamba yake hakukuondolei wajibu huo.

Je, fundo limepitwa na wakati?

Halijapitwa. Kitanzi cha kamba ya milimita 8 hadi 10, kilichofungwa vizuri kwenye mfumo wa kamba inayotembea, kinafanya karibu kila kinachofanywa na kifaa, kwa sehemu ndogo ya bei yake, na kikichakaa unakibadilisha kwa kitanzi kingine. Kifaa kinalishinda fundo kwa mambo matatu: hakibadiliki tabia sana kama fundo kamba inapolowa, hakihitaji kufungwa upya kila asubuhi na mtu mwenye usingizi, na huteleza juu bila kusukumwa kwa mkono. Fundo linakishinda kifaa penye vumbi na gundi ya nyuki. Ningependa kila anayenunua kifaa awe kwanza amepanda kwa fundo msimu mmoja, kwa sababu fundo humfundisha mtu kuhisi kamba inaposhika na inapoteleza, na siku kifaa kitakapogoma juu ya mti kitanzi kilicho kiunoni ndicho kitakachomshusha.

Nitatambuaje kifaa bandia, na je, ninunue cha mtumba?

Mwaka 2011 kampuni ya Petzl ilitoa onyo la hadharani kuhusu nakala bandia za vifaa vyake, zikiwa na alama zote pamoja na namba za viwango, kwa hiyo alama peke yake si ushahidi. Nunua kwa muuzaji anayetambuliwa na mtengenezaji, hata kama ni lazima mzigo usafiri kutoka Dar es Salaam. Kifaa halisi kina namba yake binafsi iliyochorwa kwenye chuma na kijitabu cha maelekezo. Mwulize mtengenezaji kuhusu namba hiyo kabla ya kulipa. Kamba, mikanda na vitu vyote vya nguo visinunuliwe vya mtumba kwa hali yoyote.

Fahamu pia kwamba kifaa cha kushikia kamba ya mpanda miamba, kama GriGri, si kifaa cha kufanyia kazi mtini, ingawa kinafanana na vifaa vya kushukia na kinauzwa kwa bei ndogo zaidi.

Nisafisheje asali, nta na vumbi?

Asali hutoka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, na mswaki wa meno unaotosha kuingia katikati ya meno ya kamu. Nta na gundi ya nyuki hazitoki kwa maji. Ukizigusa kwa kidole siku ya pili yake hutazihisi, ila kamu hurudi polepole, kama mlango unaokwama, na springi inaonekana imechoka kumbe imenata tu. Kwenye sehemu za chuma pekee tumia kitambaa chenye spiriti kidogo, kisha suuza, kausha, na weka tone moja la mafuta mepesi kwenye mhimili, ukifuta yote yaliyobaki. Spiriti isiguse kamba wala mkanda. Utomvu mwekundu wa mninga uondolewe siku hiyohiyo, kwani ukikauka juu ya ganda la kamba huliacha gumu na linalokwangua, na kifaa hupita hapo kwa kushtukashtuka.

Kamba ioshwe kwa maji yasiyozidi nyuzi 30, na isibebwe kwenye pikipiki karibu na betri au tanki: tindikali ya betri huiua nailoni bila kubadilisha sura yake. Kamba yenye harufu ya asali ikihifadhiwa stoo italiwa na panya, hivyo ining'inizwe ndani ya ndoo yenye kifuniko.

Kifaa kinadumu muda gani?

Vitu vya nguo havizidi miaka 10 tangu kutengenezwa kwa mujibu wa watengenezaji wengi, na katika jua letu huisha mapema zaidi. Vya chuma hudumu mpaka vinapochakaa: meno yakiwa butu, ukuta ukiwa na mfereji ulioliwa na kamba, mhimili ukicheza, au kifaa kikiwa kimeanguka kutoka juu na kugonga jiwe. Kagua kila asubuhi, na angalau mara moja kwa mwaka mpe mtu mwingine mwenye ujuzi akikague. Uingereza, kwa kanuni za mwaka 1998, vifaa vinavyobeba watu hukaguliwa kila baada ya miezi 6.

Mwenzangu amezimia akiwa ananing'inia. Nina muda gani?

Dakika chache. Mtu anayening'inia bila kusogeza miguu, damu hubaki chini na inaweza kushindwa kurudi moyoni na kwenye ubongo, hata kama hana jeraha lolote. Mteremshe kwa kamba ya shinani ikiwa ipo. Kama haipo, lazima mtu mwingine apande kwa kamba ya pili, na ndiyo sababu kamba ya pili, mkanda wa pili na mtu wa pili anayejua kuvitumia huhesabiwa kuwa sehemu ya vifaa vya mpandaji mmoja. Akifika chini mlazeni, mwangalieni pumzi, toeni miiba ya nyuki haraka, na mpelekeni hospitali hata kama amezinduka na anasisitiza kwamba yuko sawa.

Naweza kupanda wakati wa mvua?

Kamba iliyolowa huteleza zaidi ndani ya baadhi ya vifaa na hubanwa mno na vingine, kwa hiyo jaribu chini kwanza. Ngurumo zikisikika, hata kwa mbali, shuka. Kamba ikishalowa ianikwe kivulini mpaka ikauke kabisa, na isikunjwe ikiwa bado ina unyevu.